Picha Iliyokataa Kubaki

Mwezi Juni 1802 jarida la Royal Institution ya London lilitoa makala fupi yenye habari njema na habari mbaya. Aliyeanzisha majaribio yaliyoelezwa humo alikuwa Thomas Wedgwood, mtoto wa mfinyanzi maarufu Josiah Wedgwood. Aliyeyaandika, na kuongeza ya kwake, alikuwa Humphry Davy, mkemia wa miaka 23 ambaye baadaye angetajwa miongoni mwa wanasayansi wakubwa wa Uingereza. Habari njema ilikuwa hii: chukua karatasi nyeupe, au ngozi laini nyeupe, uipake maji ya naitreti ya fedha, ulaze juu yake jani la mti au bawa la mdudu, kisha uianike juani. Palipopigwa na jua patakuwa peusi, na palipofunikwa patabaki peupe. Inua jani, na umbo lake limo karatasini pamoja na mishipa yake yote, bila mkono wa mchoraji kugusa kitu.

Habari mbaya ni kwamba picha hiyo haikukubali kubaki. Jua lililoichora halikujua pa kuishia. Jani likishaondolewa, sehemu nyeupe nayo huanza kula mwanga, hugeuka kijivu, kisha kahawia, na baada ya muda mfupi karatasi yote ni nyeusi. Wedgwood na Davy walizisuuza picha zao kwa maji, wakazipaka vanishi, na hakuna kilichosaidia. Ikawabidi wazifungie gizani na kuzitazama kivulini au kwa mwanga wa mshumaa, tena kwa muda mchache. Wedgwood, aliyekuwa mgonjwa sehemu kubwa ya maisha yake, alifariki mwaka 1805 akiwa na miaka 34, fumbo lake likiwa bado halijafumbuliwa.

Wengi husimulia historia ya upigaji picha kana kwamba ni historia ya kamera. Kamera ilikuwapo zamani. Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Kairo katika karne ya 11, alichunguza jinsi mwanga unaopenya tundu dogo unavyochora ndani ya chumba cha giza sura ya kitu kilicho nje, na wachoraji wa Ulaya walitumia masanduku ya aina hiyo yenye lenzi miaka mingi kabla ya Wedgwood kuzaliwa. Hata tabia ya chumvi za fedha kuwa nyeusi juani ilijulikana: Mjerumani Johann Heinrich Schulze alikuwa ameionyesha kwa majaribio mwanzoni mwa karne ya 18. Sanduku lilikuwapo na karatasi ilikuwapo. Kilichokosekana ni dawa ya kulizuia jua lisiendelee, na kukosekana kwa dawa hiyo ndiko kulikochelewesha kila kitu kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya makala ya Davy.

Ni vizuri kuelewa kwanza ugumu wenyewe. Fedha ikiungana na klorini hufanya unga mweupe uitwao kloridi ya fedha. Mwanga ukiupiga, muungano huvunjika na fedha hubaki peke yake, katika chembe ndogo mno zinazoonekana nyeusi. Weusi huo ndio picha. Lakini pale ambapo mwanga haukufika, kloridi bado ipo, ikiwa hai na tayari kubadilika dakika yoyote karatasi itakapotolewa nje. Anayetaka picha idumu lazima aiondoe kloridi yote iliyobaki, hadi ndani ya nyuzi za karatasi, bila kuigusa ile fedha nyeusi iliyolala kando yake. Maji matupu hayawezi, kwa sababu kloridi ya fedha karibu haiyeyuki kabisa katika maji. Ndiyo maana kusuuza kwa Davy hakukuleta chochote.

La kusikitisha ni kwamba jibu lilikuwa limekwisha kuchapishwa. Mwaka 1777 Carl Wilhelm Scheele, mwenye duka la dawa katika mji mdogo wa Köping nchini Uswidi, alitoa kitabu kuhusu hewa na moto. Ndani yake alieleza jinsi alivyoianika kloridi ya fedha juani hadi ikawa nyeusi, kisha akaimwagia amonia. Ile nyeupe iliyobaki iliyeyuka na kuondoka. Ile nyeusi haikutikisika, naye akathibitisha kuwa ni fedha yenyewe. Hiyo ndiyo dawa. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1780, miaka 22 kabla ya makala ya Davy. Scheele, hata hivyo, alikuwa akichunguza asili ya mwanga na joto, wala hakuwa na haja ya picha, na waliohitaji picha hawakusimama kwenye ukurasa ule. Alikufa mwaka 1786 akiwa na miaka 43.

Huko Ufaransa, karibu na mji wa Chalon-sur-Saône, bwana mmoja mwenye mashamba aitwaye Nicéphore Niépce alikumbana na ukuta uleule. Mwaka 1816 alimwandikia kaka yake Claude kwamba alikuwa amepata picha kwa kamera kwenye karatasi yenye kloridi ya fedha, ila zilikuwa kinyume, penye mwanga peusi na penye kivuli peupe, na kuzidumisha kulimshinda. Niépce akaamua kuachana na fedha. Alichukua aina ya lami, akaiyeyusha katika mafuta ya lavenda na kuipaka kwenye bamba la metali. Lami hiyo ina tabia ya kuwa ngumu inapopigwa na mwanga. Ile iliyobaki laini huoshwa kwa mafuta. Kwa njia hii, kufuta kilichobaki kulikuwa sehemu ya kazi tangu mwanzo, na picha iliyopatikana haikuwa na cha kuogopa juani. Mnamo 1826 au 1827 alipiga kutoka dirishani mwa nyumba yake, mahali paitwapo Le Gras, picha inayoonyesha mapaa na kuta za majengo ya uani. Bamba hilo la bati lipo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, Marekani, na ndiyo picha ya kamera ya zamani kuliko zote zinazojulikana kubaki. Gharama yake ilikuwa muda: lami ni nzito kuitikia mwanga, na kamera ilibidi iachwe wazi kwa saa nyingi, hata jua likahama na kuziangaza kuta za pande zote mbili.

Mwaka 1829 Niépce aliungana na Louis Daguerre, mchoraji wa mandhari za maonyesho wa Paris, mtu wa mbwembwe na subira kubwa. Niépce alifariki mwaka 1833 na Daguerre akaendelea peke yake, akarudi kwenye fedha. Bamba la shaba lililofunikwa fedha na kung'arishwa kama kioo, alilifukizia ayodini, akaliweka kwenye kamera, kisha akaliweka juu ya mvuke wa zebaki uliofanya picha iibuke. Zebaki ilimfupishia muda wa kupiga kutoka saa hadi dakika. Bado ilimkabili kazi ya mwisho, na mwaka 1837 alipata nafuu katika kitu kilichokuwa kwenye kila jiko la Ufaransa: chumvi ya mezani, iliyokolezwa katika maji ya moto. Haikuwa dawa kamili, ila ilitosha bamba lionekane mchana.

Upande wa pili wa bahari, Mwingereza mmoja alikuwa amefika kwenye chumvi hiyohiyo bila habari ya Daguerre.

William Henry Fox Talbot alikuwa mwanahisabati, msomi wa lugha za kale na aliyewahi kuwa mbunge. Oktoba 1833, akiwa na mkewe Constance kando ya Ziwa Como nchini Italia, alijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa kifaa cha kioo na akaaibishwa na mkono wake mwenyewe. Kuchora kulimshinda. Alikumbuka sura zinazoangukia karatasi ndani ya sanduku la giza, akajiuliza kwa nini zisiachwe zijichore zenyewe. Aliporudi nyumbani kwake Lacock Abbey mwaka 1834 alianza majaribio, akaona jambo ambalo mtu mwenye haraka angelipuuza. Karatasi zake hazikuwa nyeusi kwa usawa. Kingo zilizopata chumvi kidogo ziliwahi kuwa nyeusi. Zilizopata chumvi nyingi zilichelewa au zilikataa kabisa. Talbot akazitumia tabia zote mbili: chumvi kidogo wakati wa kutengeneza karatasi, ili ishike picha upesi, na chumvi nyingi baada ya picha kupatikana, ili kuituliza. Agosti 1835 alipata picha ndogo, ya ukubwa wa stempu hivi, ya dirisha la vioo vidogo vidogo la Lacock. Ni negativu ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki.

Lakini kutuliza ni kutuliza tu. Kloridi ilikuwa bado imo karatasini, imelazwa usingizi na chumvi. Picha nyingi za Talbot za miaka hiyo haziwezi hata leo kuwekwa kwenye ukuta wa makumbusho, kwa kuwa mwanga wa siku chache ungezibadilisha. Zipo kwenye maboksi, na wahifadhi huzifunua kwa hofu.

Tarehe 7 Januari 1839 mwanasayansi François Arago alisimama mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris na kutangaza kuwa Daguerre amefaulu, bila kutoa siri ya namna. Talbot alishtuka, akaona kazi ya miaka mitano inamponyoka. Tarehe 25 Januari alionyesha picha zake Royal Institution, na siku sita baadaye karatasi yake ikasomwa mbele ya Royal Society. Katika harakaharaka hiyo ya wawili kugombania nani alitangulia, mtu wa tatu alilimaliza tatizo bila kelele.

John Herschel, mtoto wa William Herschel aliyegundua sayari ya Uranus, alikuwa amerudi Uingereza mwaka 1838 baada ya miaka minne kwenye Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika, alikokwenda kuhesabu na kuchora nyota zisizoonekana kutoka Ulaya. Alikuwa mnajimu wa kisayansi, mkemia na mwanahisabati kwa pamoja. Tarehe 22 Januari 1839 alipata kwa barua habari ya tangazo la Paris. Haikueleza chochote kuhusu njia iliyotumika. Herschel akalichukua kama hesabu iliyoletwa mezani: kuna nini kinachobadilishwa na mwanga, na kuna nini kinachoweza kukiondoa kile ambacho hakijabadilika?

Swali la pili alikuwa amelijibu miaka ishirini nyuma, bila kujua analijibu. Mwaka 1819, akiwa bado kijana, alikuwa amechapisha uchunguzi wa jamii ya chumvi ambazo wakati huo ziliitwa hiposalfaiti, na ambazo wakemia wa leo huziita thayosalfeti. Aliandika kuwa chumvi hizo huyeyusha kloridi ya fedha kwa wepesi wa ajabu, karibu kama sukari inavyoyeyuka katika maji. Mwishoni mwa Januari 1839, nyumbani kwake Slough, aliitoa kumbukumbu hiyo kabatini. Jaribio lake lilikuwa la kawaida mno kwa jambo kubwa namna ile. Alifunika nusu ya karatasi kwa kadibodi, akaiacha nusu nyingine juani hadi ikawa nyeusi, akaiosha yote katika hiposalfaiti ya sodiamu, kisha katika maji safi, akaikausha na kuirudisha juani. Nusu nyeusi ilibaki nyeusi, na nusu nyeupe ilibaki nyeupe, hata ilipoachwa juani kwa muda mrefu. Kitu kilichokuwa kikifanya karatasi iogope mchana hakikuwamo tena.

Kati ya kusikia habari na kupata jibu hazikupita siku kumi. Yapo mafanikio machache ya sayansi yanayoonyesha vizuri kama hili faida ya kuchunguza jambo kwa ajili ya kulijua tu, kabla mtu yeyote hajalihitaji. Talbot alimtembelea Slough tarehe 1 Februari, na Herschel akamweleza waziwazi alichofanya. Talbot, kwa ridhaa yake, akaiandika njia hiyo katika barua kwenda kwa mwanasayansi Biot wa Paris, na kwa barua hiyo Ufaransa nayo ikaipata. Daguerre aliiacha chumvi ya mezani. Herschel hakudai hataza wala malipo. Serikali ya Ufaransa ilimpa Daguerre pensheni ya faranga 6,000 kwa mwaka, na Isidore, mtoto wa Niépce, faranga 4,000; Talbot alisajili hataza ya njia yake mwaka 1841 na ya pili mwaka 1843. Katika hiyo ya pili alijumuisha hata kuosha picha kwa hiposalfaiti ya moto. Ni vigumu kulitetea tendo hilo, kwa kuwa dawa hiyo alipewa bure.

Wapigapicha walilifupisha jina la dawa, wakaiita hipo, na kwa jina hilo imefahamika katika vyumba vya giza vya dunia nzima.

Haki inataka watajwe na wengine waliofika karibu. Hercule Florence, Mfaransa aliyehamia Campinas nchini Brazili, alikuwa akipata picha kwa naitreti ya fedha mwaka 1833 na kuzidumisha kwa amonia, ambayo aliipata hata kwenye mkojo. Bila kumfahamu Scheele alikuwa ameingia kwa mlango wa Scheele, lakini habari zake hazikufika Ulaya kwa wakati. Na mwaka 1842 Herschel mwenyewe alivumbua karatasi ya chumvi za chuma isiyohitaji hipo kabisa: picha yake ya buluu huoshwa kwa maji tu. Kwa njia hiyo Anna Atkins alianza mwaka 1843 kutoa kitabu chake cha picha za mwani wa Uingereza, mwani halisi uliolazwa juu ya karatasi na kuanikwa, na buluu yake ingali imekoza.

Kufikia hapo mtu angedhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Talbot alifungua karakana mjini Reading iliyosimamiwa na msaidizi wake Nicolaas Henneman, na picha kutoka huko zikabandikwa kwenye kitabu chake, The Pencil of Nature, kilichotoka kwa sehemu kati ya 1844 na 1846. Mwaka 1846 maelfu ya picha zilitolewa pamoja na toleo la jarida la sanaa la Art-Union, ili wasomaji waone kwa macho yao uvumbuzi mpya. Walichoona baada ya muda ni picha zinazogeuka njano, zinapauka kwenye kingo na kupotelea katika karatasi. Safari hii jua halikuwa na hatia. Picha zilikuwa zikifa hata ndani ya vitabu vilivyofungwa.

Malalamiko yakawa mengi kiasi kwamba mwaka 1855 chama cha wapigapicha cha London kiliunda kamati maalumu ya kuchunguza kufifia kwa picha, na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, akaichangia pauni 50. Wajumbe, akiwamo mpigapicha wa vita vya Crimea Roger Fenton, walikusanya picha za zamani nzima na mbovu na kuulizia kila moja ilitengenezwaje. Mkosaji mkubwa waliyempata alikuwa dawa yenyewe. Hipo ina salfa ndani yake. Ikibaki karatasini kwa sababu ya kuoshwa kwa haraka, huishambulia polepole ile fedha iliyowekwa kuilinda, na fedha ikiungana na salfa hugeuka manjano na kahawia. Vilevile, hipo iliyotumika mno hushiba fedha, ikashindwa kuyeyusha vizuri, na kuacha masalia ambayo huja kuoza baadaye. Unyevu na moshi wa miji huongeza kasi. Ushauri wa kamati ulikuwa wa watu wa kazi: osheni kwa maji mengi, yabadilisheni, na mzipitishe picha kwenye chumvi ya dhahabu.

Shauri la dhahabu lilikuwa limetoka Ufaransa. Mwaka 1840 Hippolyte Fizeau alionyesha kwamba bamba la Daguerre, ambalo lilikuwa laini kiasi cha kufutika kwa kidole, hupata nguvu na mng'aro likifunikwa utando mwembamba wa dhahabu. Karatasi nazo zilinufaika, kwa kuwa dhahabu haijali salfa.

Kwa muda hipo ilipata mshindani wa kutisha. Frederick Scott Archer alitangaza mwaka 1851 njia ya kutumia vioo vilivyopakwa kolodiani mbichi, na wapigapicha wengi wa vioo walipendelea kuvisafisha kwa sayanaidi ya potasiamu. Ilikuwa nyepesi, ilifanya kazi upesi, na ilihitaji kuoshwa kidogo kuliko hipo. Ilikuwa pia sumu ya kuua, iliyokaa mezani kando ya bilauri za maji, na baadhi walikuwa wakiitumia hata kujisugulia madoa meusi ya fedha vidoleni. Waliokufa hivyo walikuwapo.

Pwani ya Afrika Mashariki iliingia katika habari hizi mapema. Agosti 1860 James Augustus Grant aliwasili Zanzibar na John Hanning Speke, wakielekea bara kutafuta chanzo cha Nile, na picha alizopiga huko ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za Zanzibar zilizobaki. Safari ilipoingia bara aliiacha kamera akashika rangi za maji, na anayejua kazi za vioo vibichi, madawa na maji safi anayohitaji mpigapicha porini hawezi kumlaumu. John Kirk, daktari aliyefuatana na Livingstone kwenye Zambezi na baadaye kuwa balozi wa Uingereza kwa Sultani, naye alikuwa mpigapicha stadi, na picha zake za Zanzibar ni hazina.

Baada yao studio zilifunguliwa mjini. A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, wenye asili ya Goa, waliipiga Zanzibar ya masultani, bandari na mitaa yake, na kuuza kadi za posta zilizozunguka dunia. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe Rohit aliiendeleza. Mombasa walikuwa na studio ya N. V. Parekh, iliyojaa harusi, mabwana harusi wenye majoho na vijana wenye miwani ya jua. Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, aliyekata na kuunganisha negativu hadi mtu akaonekana amechipua kutoka kwenye ua.

Kwa mafundi hawa kazi ya kudumisha picha ilikuwa na adui ambaye Herschel hakukutana naye Slough, nalo ni joto. Filamu na karatasi za karne ya 20 hubeba chembe zao za fedha ndani ya jelatini, na jelatini katika maji ya vuguvugu huvimba, hulainika, na ikizidi huchubuka au kuteleza kabisa kutoka kwenye filamu. Suluhisho liliwekwa ndani ya fiksa, yaani dawa ya kudumisha yenyewe, kwa kuchanganya hipo na asidi kidogo na shabu, ileile ambayo watu huitia majini ili tope lituame. Shabu huikaza jelatini. Katika chumba cha giza mpangilio ulikuwa beseni tatu na bomba: dawa ya kusafishia inayoibua picha, siki au maji ya kuisimamisha, fiksa, kisha maji ya kupita. Filamu ikitumbukizwa kwenye fiksa huwa na utando kama wa maziwa, na utando huo unapotoweka ndipo fedha isiyotumika inapoondoka. Fundi mzuri hakuitoa hapo. Alihesabu muda uliochukua hadi maziwa kuisha, akaiacha muda kama huo tena. Kisha karatasi nene zilikaa kwenye maji yanayotiririka nusu saa hadi saa nzima. Penye uhaba wa maji, au penye foleni ya watu wanaosubiri picha za pasipoti, dakika hizo ndizo zilizoibwa kwanza, na ndiyo maana picha mbili za mwaka mmoja, kutoka mtaa mmoja, zinaweza leo kuwa na hali tofauti kabisa.

Fedha iliyoyeyushwa haikupotea. Inabaki kwenye fiksa iliyochoka, na hospitali zilizotumia filamu za eksirei, ambazo zina fedha nyingi, zilikuwa na sababu ya kutomwaga dawa hiyo kwenye mtaro. Hupitishwa umeme, fedha ikajikusanya kwenye bamba, au huwekwa pamoja na nyuzi za chuma, chuma kikayeyuka na fedha ikashuka chini kama tope jeusi.

Picha za rangi zilipoenea, mambo yaligeuka kwa namna ambayo wateja hawakuambiwa. Katika picha ya rangi fedha hutumika tu kama kibarua wa kuonyesha rangi zikae wapi. Kazi ikiisha huondolewa yote, nyeusi na nyeupe pamoja, kwa dawa inayoichubua na kuiyeyusha kwa mkupuo, na kinachobaki ni rangi tatu za kikemikali, njano, nyekundu ya waridi na buluu. Dawa inaweza kuwa imefanya kazi yake bila dosari, na picha ikafifia vilevile, kwa kuwa rangi zenyewe hazina uimara wa fedha. Katika picha nyingi za miaka ya 1970 na 1980 buluu ndiyo hutangulia kuondoka, hata albamu ikiwa imefungwa kabatini, na harusi nzima hugeuka nyekundu, bibi harusi, keki na ukuta wa nyuma.

Kwa picha ya fedha, mtaalamu ana njia ya kujua kama iliachwa na hipo ndani: hudondoshea tone la naitreti ya fedha yenye asidi kidogo kwenye ukingo mweupe usio na picha, kisha husubiri dakika chache na kulifuta. Doa la rangi ya chai likitokea, hipo bado imo, na picha inaweza kuoshwa upya hata baada ya miaka mingi, mradi jelatini ni nzima. Kwa picha ya rangi hakuna kuosha kunakorudisha kilichokwisha. Familia yenye sanduku lililochanganyika, babu wa mwaka 1950 aliyepigwa kwa fedha na harusi ya mwaka 1982 iliyopigwa kwa rangi, mara nyingi hukimbilia kumskani babu kwa kuwa ni wa zamani zaidi. Afadhali ianze na harusi.